Wasomaji Wanauliza: Treni Usiku, Mji Mdogo na Taa za Kupanga

Barua tulizochagua mwezi huu zinahusu jambo moja, nalo ni namna ya kupiga picha za treni usiku katika miji midogo ya Reli ya Kati, hasa zile picha ambazo mpigaji huweka taa zake mwenyewe na kuwapanga watu wake kabla treni haijafika. Barua nyingi zimetoka mikoa ya Dodoma na Singida. Baadhi tumezifupisha bila kubadili maana.

Shikamoo Mhariri. Mimi ni kijana wa Bahi na kazi yangu ni kupiga picha za harusi na kipaimara. Nimeona picha za zamani za Marekani, nyeusi na nyeupe, mojawapo ikionyesha treni ya mvuke inayopita usiku nyuma ya watu wanaotazama sinema wakiwa ndani ya magari yao. Anga ni jeusi kabisa, lakini treni, magari na watu wanaonekana wazi. Picha kama hizo zilipigwaje, na je, zinawezekana kwa treni zetu za dizeli? — Msomaji, Bahi

Marahaba. Picha unayoieleza ni ya O. Winston Link, mpiga picha wa matangazo ya biashara kutoka Brooklyn, New York, na aliipiga katika mji mdogo wa Iaeger, West Virginia, mwezi Agosti mwaka 1956. Kati ya mwaka 1955 na 1960 alizifuata treni za kampuni ya Norfolk and Western, ambayo ilikuwa kampuni kubwa ya mwisho ya reli nchini Marekani kuendelea kutegemea injini za mvuke, akijua kwamba injini hizo zinaondolewa na hazitarudi. Alikuwa amesomea uhandisi, na jambo hilo linaonekana katika kila picha yake, kwa sababu kazi yake ilikuwa ya nyaya, vipimo na hesabu kabla haijawa kazi ya jicho.

Sababu yake ya kuchagua usiku ilikuwa rahisi. Mchana, jua huwa pale lilipo na reli huwa pale ilipojengwa, na mpiga picha hawezi kuvisogeza vyote viwili. Usiku kila kitu ni giza mpaka yeye aamue kukiangaza, kwa hiyo nguzo mbaya, bango la dukani na takataka za uani hupotea zenyewe kwa kutopewa mwanga. Wakati ule filamu za kamera zilikuwa na usikivu mdogo kwa mwanga, na flashi za leo za kuchaji hazikuwa zimefikia nguvu aliyoitaka, hivyo alitumia globu za flashi ambazo kila moja huwaka mara moja tu na kuungua. Kwa picha ile ya Iaeger aliwasha zaidi ya globu 40 kwa pamoja, zikiwa zimefungwa sehemu mbalimbali na kuunganishwa kwa nyaya hadi kwenye kamera. Treni ilipofika mahali alipopakusudia, globu zote ziliwaka na kuungua, na hakukuwa na nafasi ya kurudia kwa treni hiyohiyo.

Hata hivyo, ukiniuliza cha kujifunza kwake, sitakutajia globu. Nitakuomba uzitazame tena picha zile na ujiulize macho yako yanatua wapi kwanza. Huko Lithia, Virginia, familia imekaa sebuleni, na treni inapita nje ya dirisha. Huko Vesuvius, katika jimbo hilohilo, gari linajazwa petroli kwa pampu ya mkono, kisha nyuma yake ndipo injini inapotokea. Picha hiyo aliipa jina linalosema kwamba wakati mwingine umeme hukatika, na nadhani msomaji wa kwetu hahitaji kuelezwa zaidi. Mara nyingi treni iko nyuma au pembeni, na mbele yuko mtu anayefanya shughuli yake ya kila usiku bila kushtuka, kwa sababu treni kwake si kioja. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo siri yenyewe: picha ya treni usiku ni picha ya mji, na treni ni mgeni anayepita ndani yake. Wapigaji wengi wa kwetu hufanya kinyume, wakalijaza fremu kwa kichwa cha treni, nao wanashangaa kwa nini picha haina uhai.

Sasa kuhusu dizeli. Mvuke ulimsaidia Link kwa njia ambayo wewe hutaipata, kwa sababu wingu jeupe lililotoka kwenye bomba lilipokea mwanga wa flashi na kusimama kama pazia juu ya mji. Moshi wa dizeli ni mwembamba na mweusi, nao hauonekani dhidi ya anga jeusi. Lakini hukosi cha kuweka mahali pake. Moshi wa jiko la mishikaki, mvuke wa sufuria ya mamantilie ukifunuliwa, na vumbi la kiangazi linalobaki hewani baada ya bodaboda kupita, vyote hivyo hung'aa ukiviangaza kutoka nyuma, yaani flashi ikiwa upande wa pili wa moshi, imefichwa na ukuta au kibanda ili kamera isiione. Ukiuangaza moshi huo kutoka mbele, upande uliko wewe, utapata ukungu wa kijivu usio na umbo. Vumbi lina adabu yake pia: likiwa mbele ya lenzi na flashi iko karibu na kamera, picha nzima hujaa madoa meupe. Kwa hiyo flashi ya juu ya kamera iondoe kabisa. Huko kwenu Bahi, ambako upepo wa kiangazi huangusha stendi nyepesi, beba viroba viwili au vitatu vitupu ujaze mchanga hapohapo na kuvifunga kwenye miguu ya stendi.

Jambo jingine lililo upande wako ni kwamba miji ya njia hii imekaa na reli kwa muda mrefu. Wajerumani waliifikisha reli Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914, na hadi leo katika miji mingi midogo ya ukanda huu maduka na vibanda vya chakula haviko mbali na stesheni. Huhitaji kujenga mandhari. Unahitaji kuchagua kibanda kimoja na kumwomba mwenye nacho akukubalie.

Mhariri, nina kamera ya kawaida yenye lenzi ya milimita 35 na flashi mbili ndogo zinazowashwa kwa triga ya redio. Je, zinatosha kuangaza treni, na nipange vipimo gani? Nimejaribu mara kadhaa na treni hutoka nyeusi ilhali watu wa mbele wanakuwa weupe kupita kiasi. — Mwalimu wa sekondari, Manyoni

Mwalimu, tatizo lako ni la hesabu, na hesabu yenyewe ni fupi. Mwanga wa flashi hupungua kwa mraba wa umbali: kitu kilicho mbali mara mbili hupata robo ya mwanga, na kilicho mbali mara tatu hupata sehemu moja ya tisa. Mtu akiwa mita 5 kutoka kwenye flashi na treni ikiwa mita 20 kutoka kwenye flashi hiyohiyo, treni itapata sehemu moja ya kumi na sita ya mwanga anaoupata mtu huyo. Hakuna kipimo cha kamera kitakachowatosheleza wote wawili. Dawa ni kutenganisha kazi: flashi moja iwe ya watu, nguvu yake ikiwa imepunguzwa sana, na nyingine iwe ya treni, nguvu yake ikiwa kamili, ikielekezwa relini bila kuwagusa watu.

Kila flashi ina namba ya mwongozo, ambayo ukiigawa kwa namba ya tundu la lenzi (ile inayoandikwa na herufi f) unapata umbali, kwa mita, ambao flashi hiyo inaweza kuufikia. Tuchukue flashi ndogo ambayo, mwanga wake ukiwa umefunguliwa kwa upana wa lenzi ya milimita 35, ina namba ya mwongozo 40 kwa ISO 100 (ISO ni usikivu wa kamera kwa mwanga). Kwa f/5.6 inafika mita 7. Ukipandisha ISO hadi 400, umbali unaongezeka maradufu, kwa hiyo inafika mita 14. Ukipandisha tena hadi ISO 1600, inafika mita 28. Namba iliyochapishwa kwenye boksi isikudanganye, kwani watengenezaji wengi huipima flashi mwanga wake ukiwa umebanwa uwe mwembamba kwa lenzi ndefu, na kwa upana unaoutaka wewe nguvu halisi huwa ndogo kuliko hiyo.

Hesabu hii inakutana na sheria mahali pa kufurahisha. Hifadhi ya reli kwa kawaida huhesabiwa mita 15 kila upande mijini na mita 30 vijijini, na mwenye kuweka stendi ndani ya hifadhi bila kibali anavunja sheria hata kama nia yake ni njema. Kwa hiyo mita 15 na mita 30 ndizo umbali wako wa kufanyia kazi. Kwa mita 15, flashi moja kwa ISO 400 inakaribia kutosha. Kwa mita 30, unahitaji flashi nne za aina hiyo zikiwa pamoja kwa ISO 400, au flashi moja kwa ISO 1600, kwa kuwa kuongeza idadi ya flashi mara nne na kuongeza ISO mara nne huleta umbali uleule. Tofauti ni kwamba ISO hupandisha na taa za mji pia: balbu ya dukani iliyokuwa nzuri kwa ISO 400 inaweza kuwa doa jeupe kwa ISO 1600. Mimi ningekopa flashi mbili zaidi kutoka kwa mwenzako kabla ya kupandisha ISO kupita 800.

Kumbuka kwamba umbali unaohesabiwa ni kutoka kwenye flashi hadi kwenye treni, wala si kutoka kwenye kamera. Kamera yako inaweza kuwa mita 40 nyuma, uani kwa mtu, na flashi ikawa mbele yako mpakani mwa hifadhi, nyuma ya ukuta wa duka. Kisha fikiria upana. Flashi iliyofunguliwa kwa lenzi ya milimita 35 huangaza upana unaokaribia kulingana na umbali wake, kwa hiyo ikiwa mita 15 kutoka relini itaangaza mita 15 hivi za treni, ambazo ni kichwa cha treni na si zaidi ya hapo. Ukitaka behewa la pili lionekane, ni lazima flashi nyingine isimame mita kadhaa pembeni na kuliangaza hilo. Usihangaike kuliangaza treni lote. Mkia wake ukimezwa na giza, msomaji ataumalizia mwenyewe.

Kuhusu kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hubaki wazi kupokea mwanga, kamera nyingi hukubaliana na flashi hadi sekunde 1/200 au 1/250. Treni inayokwenda kilomita 60 kwa saa husogea takriban sentimita 8 katika 1/200 ya sekunde, kiasi cha kufifisha maandishi ya ubavuni. Lakini kinachoigandisha treni si shata bali flashi yenyewe, ambayo mwako wake ni mfupi zaidi, na unazidi kuwa mfupi kadiri unavyopunguza nguvu. Ndiyo maana flashi nne kwa nusu ya nguvu hutoa picha kali kuliko flashi mbili kwa nguvu kamili, ingawa jumla ya mwanga ni ileile. Taa kubwa ya mbele ya treni haihitaji flashi na itaacha mchirizi mdogo. Mchirizi huo mimi naupenda, na sioni sababu ya kupigana nao.

Fokasi iweke mapema. Mmulike kwa tochi mwenzako aliyesimama kwenye barabara inayovuka reli, wakati hakuna treni inayotarajiwa, fokasi kwenye umbali huo, kisha izime fokasi ya kujiendesha na usiiguse tena. Chagua alama, kwa mfano ukingo wa nguzo au pembe ya paa, na ubonyeze pua ya treni inapoigusa alama hiyo. Kwa kilomita 60 kwa saa, kuchelewa kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde ni kukosa kwa karibu mita 1.7. Flashi ndogo ikitumia nguvu kamili huhitaji sekunde kadhaa kujichaji, na katika sekunde 4 treni imekwenda zaidi ya mita 65, kwa hiyo una picha moja ya kichwa cha treni, sawa na Link na globu zake. Fanya mazoezi kwa bodaboda inayopita barabarani mpaka kidole kizoee.

Jambo la mwisho kwako ni saa. Manyoni, kama Dodoma, jua huzama kati ya saa 12 na nusu jioni na saa 1 usiku hivi kutegemea mwezi, na kwa kuwa tuko karibu na ikweta utusitusi haudumu. Una dakika 20 hivi ambazo anga bado lina buluu kabla halijawa jeusi. Treni ikipita ndani ya dakika hizo, paa na mibuyu huonekana kama vivuli dhidi ya anga, na mwanga wako hauhitaji kufanya kazi yote. Lakini treni za mizigo hazipangi ratiba yake kwa ajili yetu, basi uwe tayari kwa giza kamili pia.

Mhariri, mimi ni mstaafu wa reli. Nawasihi vijana wanaopiga picha wajue kwamba kando ya njia taa si jambo la mchezo. Taa nyekundu kwetu ni hatari, kijani ni ruhusa, na taa yoyote inayopungwa kwa nguvu dereva huichukua kuwa ni ishara ya kusimama. Mwanga wa ghafla machoni mwa dereva usiku unaweza kumfanya asione ishara iliyo mbele. Je, gazeti lenu linawaambia hayo? — Mstaafu, Dodoma

Shikamoo Mzee. Umesema kweli tupu, na barua yako tumeiweka katikati ya safu makusudi ili asiwepo wa kuiruka.

Wapiga picha wanaotusoma wazingatie kwamba Link hakuvizia treni. Aliuomba uongozi wa Norfolk and Western ruhusa, akapewa, na wafanyakazi wa kampuni hiyo walijua yuko wapi na anafanya nini. Kwetu, mahali pa kuanzia ni barua kwa Shirika la Reli Tanzania inayotaja mahali, tarehe, idadi ya watu, na aina ya taa zitakazotumika, kisha kuonana na mkuu wa stesheni ana kwa ana, pamoja na mwenyekiti wa kijiji au mtaa. Barua inayosema tu kwamba unaomba kupiga picha haitoshi. Sema wazi kwamba kutakuwa na flashi, ili madereva waarifiwe. Ukinyimwa kibali, piga picha za mji bila flashi ukiwa nje ya hifadhi, na mwenye kutaka kutumia droni ajue kwamba hiyo ina kibali chake kingine kutoka Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

Hata ukiwa na kibali, usielekeze flashi kwa treni inayokuja usoni kwako. Weka flashi upande, ikiangaza ubavu, na uiwashe chumba cha dereva kinapokuwa kimeshavuka mstari wa flashi, ili mwanga umfikie kutoka nyuma ya bega lake. Utapoteza uso wa treni kidogo, lakini ubavu una maandishi, madirisha na magurudumu, na hivyo vina mengi ya kutazama. Karatasi ya rangi ya chungwa juu ya flashi, inayotumiwa kulinganisha mwanga wake na balbu za njano za dukani, haina tatizo ikiwa imeelekezwa ndani ya kibanda. Nyekundu na kijani zisitumike popote karibu na njia, hata kwa mapambo, hata kwa tochi ya simu. Na wakati wa kusubiri, watu wote wa kikundi wazime tochi zao treni inaposikika.

Tunakushukuru Mzee, na tungependa kukusikia tena.

Je, simu inaweza? — Msomaji, Kintinku

Kwa treni inayokwenda, na kwa flashi ya simu, hapana. Flashi hiyo haifiki mbali zaidi ya mita chache. Kwa treni iliyosimama, ndiyo. Reli ya zamani ni ya njia moja, na treni hupishana stesheni, ambapo moja husimama ikisubiri nyingine ipite. Iweke simu juu ya kitu kisichotikisika, tumia hali ya usiku, na uchague sekunde za kusubiri badala ya kuibonyeza kwa kidole. Taa za madirisha ya mabehewa ya abiria zitakufanyia kazi iliyobaki.

Ndugu Mhariri, mpiga picha mmoja alikuja kijijini kwetu, akawaomba akina mama wazime taa za umeme na kuwasha vibatari ili picha ya treni itoke vizuri. Picha ilipotoka ilisema ni maisha ya kijiji cha reli. Je, huo si uongo? Na je, kupanga watu kwa picha ni halali hata kidogo? — Msomaji, Gulwe

Kupanga ni halali, na uongo si halali, na mpaka kati yake hauko pale watu wengi wanapoudhania.

Tuanze na Link tena, kwa kuwa yeye hakuficha. Gari lililo mbele katika picha ya Iaeger lilikuwa lake, na wawili waliokaa ndani walikaa kwa makubaliano. Ndege, yaani eropleni, inayoonekana kwenye skrini ya sinema haikuonekana usiku ule ndani ya kamera, kwa sababu mwanga wa globu zake uliifuta skrini ikabaki nyeupe, naye akaiingiza ndege hiyo baadaye alipokuwa akichapa picha. Mtu anaweza kusema basi picha nzima ni ya kubuni. Mimi nasema kwamba watu wa mji ule walikuwa wakitazama sinema kando ya reli, na treni zilipita hapo wakati sinema ikiendelea. Alichokipanga ni sekunde, hakupanga maisha. Lau angeipeleka kama habari ya gazeti, ingekuwa udanganyifu, kwa kuwa katika picha za habari kupanga hakukubaliki hata kwa kumsogeza mtu hatua moja. Hakuipeleka hivyo.

Sasa chukua Saranda, ambako abiria wa reli wamezoea kununua kuku. Ukimwomba muuzaji asimame upande huu wa beseni badala ya ule, ukamwomba asubiri dakika tano treni ifike, na ukaweka flashi ndani ya kibanda ili uso wake uonekane, umepanga picha, na bado ni kweli. Anauza kuku, anauza usiku, na anamwuzia abiria wa treni. Hayo yote yangekuwepo bila wewe.

Aliyekuja Gulwe alifanya jambo jingine. Aliondoa umeme uliokuwepo akaweka kibatari kisichokuwepo, kwa kuwa alikuwa amekuja na picha ya kijiji kichwani mwake na kijiji halisi hakikufanana nayo. Nasema bila kumung'unya maneno kwamba hilo ni kosa, na ni kosa la kawaida kwa wapiga picha wanaotoka mijini kwenda miji midogo, ambao huona umaskini ni pambo. Balbu nyeupe ya LED iliyoning'inia juu ya meza ya chipsi, skrini ya simu inayomulika uso wa kijana, na runinga inayotoa mwanga wa mpira ndani ya kibanda umiza, hivyo ndivyo usiku wa Gulwe ulivyo leo. Na vinapendeza. Uso unaoangazwa na simu huku behewa likipita nyuma una ajabu ileile ya wale waliotazama sinema ndani ya gari mwaka 1956, na pengine zaidi, kwa sababu kijana huyo hata hageuki.

Kibatari kina nafasi yake pale tu kinapotumika kweli, kwa mfano umeme umekatika, nacho kimewashwa na mwenyewe kwa haja yake. Hapo kipige.

Chini ya picha andika kwamba imepangwa. Maneno mawili yanatosha, "picha ya kupangwa", na hayapunguzi uzuri wake. Kwa watu waliomo, omba ridhaa kabla ya kuweka taa, si baada. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika, kuchapisha sura ya mtu bila ridhaa yake si suala la adabu pekee. Mtoto aombewe ridhaa na mzazi. Aliyeacha kuuza kwa saa nzima kwa ajili yako amepoteza mauzo ya saa nzima, basi mlipe, na umrudishie picha iliyochapwa kwenye karatasi, kwa sababu ile ya kutumwa kwa simu mara nyingi huahidiwa na haiji.

Na wewe msomaji wa Gulwe, pamoja na jirani zako, mna haki ya kukataa kuzima taa.

Habari Mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma. Nataka kupiga picha za namna hii kwa treni ya umeme ya Mchongoko, ile ya reli ya kisasa ya SGR. Je, flashi zitafaa? — Msomaji, Dodoma

Flashi acha nyumbani. Reli ile ina uzio pande zote, haikatizwi na barabara kwa usawa wa ardhi, na juu yake kuna nyaya za umeme wa volti 25,000, ambazo hakuna sababu yoyote ya kuinua stendi ya chuma karibu nazo. Pia treni yake imesanifiwa kwa kasi ya hadi kilomita 160 kwa saa, ambapo hata mwako wa 1/1000 ya sekunde unaiacha isogee zaidi ya sentimita 4, na kwa umbali ambao uzio unakuruhusu flashi ndogo zitakuwa zimeishiwa nguvu.

Igeuze kazi. Treni ya umeme hubeba mwanga wake wenyewe katika mstari mrefu wa madirisha, na mstari huo kwa shata iliyofunguliwa muda mrefu huwa utepe. Kwa kasi hiyo ya juu treni hukata mita 44 kila sekunde, kwa hiyo shata ya sekunde 10 huchora utepe wa zaidi ya mita 400. Karibu na stesheni ya Dodoma, ambako treni hupunguza mwendo, utepe huwa mfupi na hung'aa zaidi. Panda mahali pa juu palipo mbali, ambapo unaruhusiwa kuwepo, weka kamera kwenye tripodi, f/8 na ISO 100 au 200, na uanze utusitusi unapoanza kukolea ili milima ya mawe inayouzunguka mji ibaki na umbo. Mbele ya fremu tafuta kitu cha Dodoma kilichosimama tuli: mbuyu, shamba la zabibu, au nyumba yenye taa ya uani inayowaka. Hapo unaweza kutumia tochi ndogo, ukiupaka mwanga mbuyu huo kwa sekunde mbili au tatu shata ikiwa wazi, ukisimama pembeni na si karibu na kamera, ili gamba lake lionyeshe makunyanzi.

Ratiba ya treni hizo hutangazwa, jambo ambalo mwenzako wa Manyoni anayesubiri treni ya mizigo angelitamani. Fika nusu saa kabla, piga picha za majaribio kwa magari ya barabara kuu ili ujue urefu wa utepe, na betri ya pili iweke mfukoni, kwa kuwa shata ndefu hula chaji.